Mfuko wa Yai

Yai la kwanza lilitawanyika. La pili nalo likatawanyika, likageuka vitambaa vyeupe vinavyozunguka majini, na Tecla akaepua sufuria akaitazama kwa hasira ya mtu aliyedanganywa na kitabu.

Alikuwa jikoni tangu kulipopambazuka, mtoto wake Chepkemboi mgongoni, kamusi ya kuazima imefunguliwa juu ya gunia la mahindi. Madam Mellen, mwalimu wao wa masomo ya jioni kule Kapkatet, alikuwa amempa kila mwanafunzi neno moja la Kiingereza la jikoni. Kila mtu alichunguze neno lake, ajue lina maana gani na lilitoka wapi, halafu aje asimame mbele ya wenzake aeleze na kuonyesha. Mmoja alipewa la kukaanga, mwingine la kuoka, nao walishukuru. Tecla alipewa *poach*, akadhani madam amekosea, maana neno hilo alikuwa amelisikia redioni tu, likitajwa pamoja na ndovu na watu wa bunduki.

Kamusi ilimwambia kwamba madam hakukosea. *Poach* ni kupika yai bila ganda, ndani ya maji yanayotetemeka tu bila kuchemka. Ni pia kuiba wanyama katika ardhi ya mtu mwingine. Tena, chini kabisa, kwa herufi ndogo, ni kwato kukanyagakanyaga ardhi yenye maji mpaka igeuke tope. Lile la yai lilitoka kwa Wafaransa, kwa neno lao la mfuko, kwa sababu ute unakuwa mfuko wa kubebea kiini. Kuhusu haya mengine, kamusi yenyewe haikuwa na uhakika. Labda ni mfuko wa mwizi, ilisema, labda ni neno la zamani la kuchokora.

Alikuwa amemsomea mumewe hayo yote jana wakila. Weldon alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kumbe Wazungu ni wavivu hivi," alisema. "Neno moja wanalifanyisha kazi tatu, kama punda wa kubeba maji."

Kisha akauliza hilo yai la Kifaransa yeye atalila lini. Tecla akamwambia subiri, nikilijua. Shida haikuwa kujua. Shida ilikuwa kwamba mayai mapya yote yalienda kuuzwa sokoni, naye alikuwa akijifunzia yale yaliyolala rafuni hadi ute wake ukawa mwembamba kama mate. Lakini alikuwa na ndoto yake. Alitaka siku moja avae kofia nyeupe jikoni mwa hoteli, moja ya zile zinazolala watalii wa mashamba makubwa ya chai, na ndoto hiyo aliilisha kwa alichokuwa nacho.

Alikuwa akifikiria kama avunje la tatu aliposikia watu wakipanda kutoka mtoni. Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililomshtua. Kilichosikika kilikuwa miguu tu, mingi, na buti za mpira zikinyonya matope.

Mbele alikuwa Mzee Kipsang, ameinama, ufito mkononi, macho chini. Ng'ombe akipotea mahali popote pale mtaani, ni yeye aliyeitwa kusoma ardhi. Nyuma yake Kipkosgei, jirani yao wa ng'ambo ya mto, ameshika kamba ya ng'ombe iliyokunjwa. Kamba tupu. Nyuma ya Kipkosgei vijana, wengine na rungu, wengine na panga, mmoja na chupa ya plastiki yenye petroli aliyoichota kwa pikipiki yake. Tecla alimjua kila mmoja wao. Wengi walikula harusini kwake.

Ng'ombe mweusi wa Kipkosgei alikuwa ameibwa usiku, yule wa gredi, wa maziwa mengi, mwenye mimba ya karibu kuzaa. Kipkosgei alimnunua mwaka aliofiwa na mkewe, na watu walisema humwongelesha asubuhi kama mtu. Ukwato wake wa nyuma wa kulia ulikuwa na ufa, kwa hivyo nyayo yake haikuchanganyika na nyingine. Walikuwa wameifuata kutoka zizini, wakavuka maji, wakapanda ukingo, mpaka kwenye pengo la ua wa Weldon. Hapo ikaisha. Kutoka pengoni hadi zizi la Weldon palikuwa tope jipya, limevurugwa kama unga wa uji, na juu ya kila kitu kwato za ng'ombe wawili wa Weldon.

Sheria ya huku haijaandikwa mahali, lakini hata mtoto anaijua. Nyayo za wizi zikiingia kwa boma lako, ni juu yako kuzitoa. Unaonyesha mahali zilipotokea kwenda kwa mwingine, na mwingine naye azitoe kwake. Ukishindwa, ng'ombe yuko kwako. Na anayepitisha ng'ombe wake juu ya nyayo kama hizo, huyo haulizwi sana, kwa sababu ni hila ya wezi wa tangu zamani, kufuta kwato kwa kwato.

"Weldon," Kipkosgei alisema bila kusalimu, "hii nyayo imeingia kwako. Itoe."

Weldon alikuwa bado ameshika mtungi wa maziwa. Aliangalia lile tope kana kwamba halikuwa lake.

"Mimi nimetoka kunywesha ng'ombe sasa hivi," alisema. "Kama kila siku. Si wewe unaniona kila siku?"

"Leo ndiyo nimekuona."

Rungu la kwanza lilimpata kwenye taya. Lilitoa mlio wa kuni kavu ikivunjwa gotini. Mtungi ukaanguka, maziwa yakamwagika topeni yakafanya mikondo myeupe, na Tecla, akili yake ikienda kombo kwa hofu, akaona yale mayai yake mawili. Rungu la pili lilimpata Weldon mgongoni alipokuwa akijaribu kuinuka. Baada ya hapo hakukuwa na la tatu wala la nne. Kulikuwa na mvua tu, ya miti na ya buti, na mtu chini yake aliyekuwa akijaribu kusema neno na taya halimfuati. Jino lilimtoka likabaki limening'inia kwenye uzi wa damu. Kijana mmoja alimkanyaga vidole, polepole, akivisugua topeni kama mtu anayezima sigara. Wengine waliingia zizini, wakaingia nyumbani, wakaingia jikoni. Sufuria ilirushwa nje na maji yake. Kamusi ilikanyagwa.

Hawakupata ng'ombe, na kutompata kuliwakasirisha zaidi. Kipkosgei alikunjua ile kamba yake, akamvika Weldon shingoni, akavuta. Yule wa petroli akafungua kifuniko, na harufu ikafika mpaka mlangoni aliposimama Tecla.

Hakujua alivukaje ua. Alijikuta amesimama kati ya chupa na mumewe, mtoto analia mgongoni, mwiko bado mkononi.

"Nyayo imeingia kwetu, sawa," alisema. "Hata mimi ni mwenye boma. Mimi nitaitoa."

Kipkosgei akasema mwanamke hatoi nyayo, aende akapike. Kijana mmoja akacheka. Tecla hakumwangalia Kipkosgei tena. Alimwangalia Mzee Kipsang, kwa sababu wengine wote walikuwa wamebeba silaha na mzee alikuwa amebeba ufito tu.

"Boiyot," alimwita kwa heshima ya wazee, "mtu hupewa nafasi ya kutafuta. Hata mwizi hupewa. Nipe yangu."

Mzee alichomeka ufito wake topeni. Alisema ni kweli, hupewa, na kwamba zamani ilikuwa hata siku nzima. Vijana wakanung'unika. Petroli haikufungwa kifuniko, lakini ilishushwa.

Basi Tecla akatafuta. Pembeni mwa zizi hakuna. Nyuma ya choo hakuna. Nyuma yake walikuwa wakimvuta Weldon kwa kamba, na kila alipoanguka walimwinua kwa mateke, kwa hivyo Tecla alikuwa akitafuta huku akisikia. Ardhi yote ya chini ilikuwa imevurugwa, na akaacha kuiangalia ardhi. Akainua macho kwa chai yao, ile inayopanda mlima juu ya nyumba. Alikuwa ameichuma mwenyewe siku iliyotangulia, kwa mkono, na uso wake aliuacha sawasawa kama kitanda kilichotandikwa. Sasa katikati ya kitanda kulikuwa na mkunjo. Mstari ulipanda kati ya mashina, matawi yamesukumwa kando, majani yameonyesha tumbo lake la rangi hafifu. Mtu mwembamba hafanyi hivyo. Ng'ombe mwenye mimba ndiye anayefanya hivyo.

Alipanda mbio. Kwenye shina moja lililokatwa alikuta manyoya meusi. Hatua chache juu, kinyesi kimetapakaa kwenye majani, na katikati ya mistari, kwenye udongo laini usiofikiwa na ng'ombe wao, ukwato wenye ufa.

Mzee Kipsang aliinama akauangalia. Akaugusa ukingo wake kwa kidole.

"Imetoka," alisema.

Kipkosgei aliachia kamba. Hakusema pole. Hakuna aliyesema. Walimruka Weldon pale alipoanguka kama watu wanaoruka mfereji, wakafuata ule mkunjo kwenda juu, na Tecla akapiga magoti, akamtoa mumewe kitanzi shingoni. Furaha ilimpanda. Mtu wake yu hai. Alimfuta damu machoni kwa leso, akamwambia maneno ya kitoto yasiyo na maana, yale anayomwambia Chepkemboi akianguka.

Ndipo akageuza kichwa kuona nyayo zinaenda kwa nani.

Juu ya chai yao hapakuwa na boma lingine ila moja. Ua wa michongoma, nyumba ya mabati mekundu, na nguo za shule zimeanikwa. Kwa Jairus Bosire, fundi wa viatu, na mkewe Madam Mellen. Watu wa upande wa Kisii, walionunua shamba hapo miaka mingi iliyopita na kuzaa hapo, na ambao hata hivyo kuna watu walioendelea kuwaita wageni kila mara mambo yalipoharibika.

Weldon alimshika mkono. Taya lake lilikuwa limekaa upande, na maneno yalimtoka yamelowa, lakini Tecla alielewa. Alikuwa akisema waende nyumbani. Ile ya kwao imeisha. Alikuwa akisema kweli, kwa sheria ya huku: nyayo zilikuwa zimetoka kwake, sasa zilikuwa za Bosire.

Kutoka juu ulisikika mlango ukivunjwa.

Tecla alimfungua mtoto mgongoni akamweka kwenye mapaja ya Weldon. "Mshike," alisema. "Mshike vizuri." Akapanda.

Alipofika walikuwa wameshamtoa Jairus. Walikuwa wamemtoa kwa miguu, kichwa kikigonga ngazi, na mkono wake mmoja ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono hauna kiungo. Mtu alikuwa akimpiga kwa ubapa wa panga, mgongoni, mapajani, na kila ubapa uliacha alama nyekundu iliyoanza kulia damu baadaye. Hapa hawakukaa kimya kama kule chini. Hapa walizungumza. Walisema walijua tangu mwanzo. Walisema watu wa kuja wakikaribishwa sana huwa hivi. Vitabu vya madam vilikuwa vikitupwa nje ya dirisha, na madam mwenyewe amesukumwa ukutani, kitambaa kimemtoka kichwani, damu puani, akirudia kwa Kiswahili kile kile safi cha darasani kwamba wamuulize basi, wamuulize kwanza. Hakuna aliyemwambia Jairus atoe nyayo. Hakuna aliyemwita mwenye boma.

Petroli ilimwagwa begani mwake. Jairus aliposikia ubaridi wake alianza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejibembeleza alale.

Tecla aliingia katikati akamlalia. Hakuwa na hotuba. Rungu lililokuwa hewani lilishuka likampata begani, na mkono wake wote ukafa ganzi.

"Toka hapo, mama Chepkemboi," Kipkosgei alisema. "Wewe yako umetoa."

"Nimeitoa kwangu nikaingiza hapa," alisema. Petroli ilimuingia mdomoni. "Mimi ndiye nimewaonyesha. Kwa hivyo bado iko mkononi mwangu. Nitaitoa na hapa. Mkitaka kuchoma kabla sijatoa, anzeni na mimi, na mkaseme kwa mtaa mmechoma mke wa Weldon siku ile ile mlimvunja Weldon bure."

Lile neno *bure* lilifanya kazi. Kijana mmoja alimtazama Kipkosgei, halafu akatazama rungu lake mwenyewe, kana kwamba ameliokota sasa hivi.

Mzee Kipsang hakuwa amesubiri mabishano yaishe. Alikuwa nyuma ya nyumba. Aliita mara moja tu, bila kupaza sauti, na wote wakasikia.

Nyayo zilipita kando ya choo cha Bosire, zikaingia mahindini, mabua yamelazwa, zikatokea kwenye ukingo wa barabara ya lami. Hapo, mtaroni, walimpata. Au walipata walichoachiwa. Kichwa cheusi, macho wazi. Utumbo umerundikwa nyasini na nzi wameshajua. Miguu minne iliyokatwa magotini, mmoja wao na ukwato wenye ufa. Na pembeni, ndani ya kifuko chake cheupe kisichopasuka, ndama aliyekaribia kuzaliwa, manyoya yamelala vizuri kana kwamba amelambwa. Matairi ya gari yalikuwa yamekata nyasi yakapanda lami, na lami ilikuwa kavu, safi, ikienda pande zote mbili.

Hapakuwa na boma lingine la kuingia. Wanaume walisimama wameshika miti yao. Mmoja alianza kusema pengine kuna mtu wa hapa aliyewaongoza wezi, na hakuna aliyemsaidia kumaliza. Kipkosgei alishuka mtaroni, akakaa karibu na kile kifuko, akakiwekea mkono juu. Alikaa hivyo hivyo. Vijana waliondoka mmoja mmoja, na yule wa petroli alimwaga iliyobaki kwenye nyasi kwa aibu, kama mtu anayemwaga maji ya kunawa.

Wezi hawakujulikana. Mpaka leo hawajulikani.

Hospitalini taya la Weldon lilifungwa kwa waya, juu na chini, akaambiwa ale vitu vya kunywa, na baadaye, waya zikilegezwa, vitu laini visivyohitaji meno. Jairus alirudi na mkono kwenye plasta na mbavu zimefungwa. Mlango wao ulibaki umeegemezwa ukutani. Masomo ya jioni yalisimama. Watu walisema madam anatafuta lori la kubeba vitu, na Tecla alipoenda kuwasalimu aliona masanduku yamefungwa kamba. Madam Mellen alimshika mkono ule uliokuwa bado mzito, akaushika sana, lakini kuhusu darasa hakutaja.

Siku waya za Weldon zilipolegezwa, Kipkosgei alikuja. Alikuja kwa pengo lile lile la mtoni, akakanyaga tope lile lile, mtungi wa maziwa kila mkono. Alisimama uani. Alisema amekuja kwa wenye boma. Alisema mdomo wake ni mzito. Weldon alikuwa kwenye kiti chake nje ya jikoni, mtoto miguuni, na alimtazama bila kuinuka.

Tecla alitoka akifuta mikono. Alikuwa amemwogopa mtu huyu usingizini, akiamka na ladha ya petroli mdomoni. Sasa alimwona ni mzee kuliko alivyokuwa akimkumbuka, na buti zake zimepasuka.

"Nyayo zako zimeingia hapa mara mbili," alimwambia. "Ya kwanza na rungu, na leo na maziwa. Hatuwezi kuzipokea zikaishia hapa. Zitoe."

Kipkosgei hakuelewa mara moja. Halafu akaelewa, na macho yake yakapanda kwenye chai, kwenye ule mkunjo ambao bado ulionekana, mpaka kwenye mabati mekundu. Kumwomba msamaha Weldon, mtu wa kwao, ni jambo moja. Kule juu ni kwingine, na wote watatu walilijua hilo bila kusema.

"Mtungi mmoja bakisha," Weldon alisema kupitia meno. Yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote tangu siku ile. "Mwingine peleka."

Kipkosgei akaweka mtungi mmoja chini. Akapanda na mwingine, polepole, katikati ya mistari ya chai, mabega yakisukuma matawi. Tecla alimfuata kwa macho mpaka uani kwa Bosire. Alimwona Madam Mellen akitokea, akisimama mbali. Alimwona Jairus na plasta yake. Mazungumzo yao hayakufika chini. Yalichukua muda, na wakati mmoja madam aliwageuzia wote mgongo, na Tecla akadhani basi. Kisha Kipkosgei akaweka mtungi chini, akaenda ukutani, akauinua ule mlango ulioegemezwa. Akausimamisha kwenye nafasi yake, akaushikilia kwa bega, na Jairus, kwa mkono mmoja, akaanza kutafuta bawaba.

Tecla alirudi jikoni. Maji yalikuwa yakitetemeka bila kuchemka. Alichukua yai ambalo kuku alikuwa amelitaga asubuhi ile, bado lina joto la kuku, halikuenda sokoni, akalivunja ndani ya kikombe, akaliteremsha majini taratibu. Lilizama. Ute ukayumba kidogo, ukajikusanya, ukakumbatia kiini, ukafunga.

Alilipeleka kwenye bakuli. Weldon alilichunguza pande zote kabla ya kuligusa.

"Hii ndiyo ile neno yako?"

"Hii ndiyo maana yake ya kwanza," Tecla alisema. "Zile zingine umeshaziona."

Weldon alitaka kucheka, waya zikamkataza. Alipasua ule mfuko kwa ncha ya kijiko, kiini kikatoka cha manjano, na mtoto akajisukuma juu ya goti lake, mdomo wazi, akitaka kuonja. Weldon akampa yeye kwanza.

Juu, kwa madam, nyundo ilianza kugonga. Tecla aliisikiliza. Akaenda kuokota kamusi kwenye kona, akakwangua kwa ukucha tope lililokauka kwenye ukurasa wake, na akaanza kujizoeza, kwa sauti, jinsi atakavyosimama na kueleza.